Kundi la picha za nje Nairobi: namna ya kulianzisha lisigeuke la salamu za asubuhi

Maswali ni yale yale. Nianze na WhatsApp au Telegram? Lazima watu wawe na kamera? Nitawatoa wapi? Na lile la kundi likishafikisha miezi mitatu, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini: mbona kundi langu limenyamaza? Nimechoka kuyajibu vipande vipande, kwa hivyo nimeyakusanya hapa. Mwongozo huu ni wa mtu aliye Nairobi anayependa kupiga picha nje, iwe ndege, msitu, mawingu, wanyama au barabara kabla jiji halijaamka, na anayetaka kupata wenzake mtandaoni.

Shika jambo moja, maana hatua zote zimejengwa juu yake. Hakuna anayebaki kwenye kundi ili aone picha. Picha zimejaa kila mahali. Mtu hubaki kwa sababu picha yake ilitazamwa na mwenzake akasema neno la maana juu yake. Kazi ya admini ni kuhakikisha hakuna picha inayopita kimya.

Uwe na haya kabla ya kuanza

- Watu wanane au kumi unaowajua kwa sura. Usianze kwa kurusha linki Facebook. Utapata watu mia mbili wasiojuana, kila mmoja akingoja mwingine aanze.
- Simu inayopiga picha. Tecno au Infinix ya kawaida inatosha kwa mandhari, misitu na mawingu. Ndege wa mbali ndio wanaodai lenzi ndefu. Kundi ambalo swali lake la kwanza ni "unatumia kamera gani?" huwafukuza watu kabla hawajatuma chochote.
- Admini wa pili. Asiwe yule rafiki anayekubaliana nawe kwa kila kitu.
- Kama nusu saa kila siku kwa miezi mitatu ya mwanzo. Huna nafasi hiyo sasa? Ahirisha.
- Bando la kutosha, kwa sababu wewe ndiye utakayefungua kila picha.

Nembo, fulana na jina la Kiingereza lenye neno "Safari" ndani yake vinaweza kungoja.

Hatua ya 1: Punguza mada

"Picha za nje" ni pana mno. Mmoja ataleta harusi ya bustanini na mwingine gari lake jipya. Chagua kitu ambacho mwanachama hukutana nacho kwenye njia zake za kila siku. Nairobi ina bahati hapa. Korongo wa marabou walio juu ya miti karibu na uwanja wa Nyayo, barabara ya Mombasa inapoanzia, hawana kiingilio. Watu huwapita ndani ya matatu kila asubuhi. Kima wako City Park. Mwewe huzunguka juu ya masoko.

Kipimo changu ni hiki: mwanachama asiye na gari wala pesa ya kiingilio anaweza kupata picha ya mada hii kabla ya Ijumaa? Kama hawezi, umeanzisha kundi la wenye magari. Si vibaya, ila sema hivyo mapema.

Hatua ya 2: Chagua mahali pa kukutania

Anza na WhatsApp. Najua Telegram ina sifa zake: kundi lake hubeba hadi watu 200,000, na mtu mpya anaweza kurudi nyuma kusoma yaliyopita. Lakini ukimlazimisha mtu apakue programu mpya ili aone picha za ndege, wengi watakuambia "sawa" na hutawaona tena. Kundi la WhatsApp hubeba watu 1,024, idadi ambayo hutaifikia hivi karibuni, na pengine hupaswi kuifikia.

Tenga sehemu mbili tangu siku ya kwanza: moja ya picha na maoni, nyingine ya gumzo, nauli na "nani ameona chaja yangu?". WhatsApp ina jumuiya, yaani njia ya kuweka makundi kadhaa chini ya paa moja. Itumie. Instagram iwe dirisha la kuonyesha picha bora kwa watu wa nje. Mazungumzo yabaki ndani.

*Angalizo:* WhatsApp hubana picha hadi manyoya ya ndege yawe kama uji. Wengi huikwepa kwa kutuma picha kama hati, na kweli ubora hubaki. Lakini hati hubeba kila kilichomo kwenye faili, pamoja na mahali halisi ambapo GPS ya simu ilinasa. Nitarudi kwa hili kwenye hatua ya 7, kwa sababu kuna wanyama ambao usahaulifu huo unaweza kuwagharimu uhai.

Hatua ya 3: Andika kanuni tano, zisizidi

Zangu hukaa kwenye skrini moja ya simu:

Picha moja kwa siku kwa kila mtu. Uwe umeipiga mwenyewe. Taja mahali kwa jumla na wakati. Ukiweka picha, toa maoni kwa picha mbili za wenzako. Salamu za asubuhi, siasa, kamari na matangazo ya biashara vibaki nje.

Kanuni ya nne ndiyo injini. Ya tano ndiyo itakayokuletea kelele, hasa kutoka kwa watu wazuri. Salamu yenye picha ya waridi na maneno "ubarikiwe" haionekani kuwa na madhara yoyote. Lakini anayeamka akakuta jumbe arobaini za namna hiyo hunyamazisha kundi, na aliyenyamazisha kundi haoni picha ya mtu. Anayevunja kanuni mwandikie faraghani kwanza. Akirudia, futa ujumbe. Kumwondoa ni hatua ya mwisho, na admini wa pili akubali kwanza.

Hatua ya 4: Weka ratiba ya wiki na usiivunje

Jumatatu asubuhi tangaza mada. Picha zinapokelewa hadi Ijumaa usiku. Jumamosi ni ya kutoka. Jumapili jioni, watu wakiwa wametulia nyumbani, chagua picha tatu na ueleze kwa sentensi mbili mbili kwa nini umezichagua. Usipige kura. Kura humpa ushindi mwenye marafiki wengi, na anayejifunza huondoka bila kujua alikosea wapi.

Mada usizitafute mbali, kalenda ya Nairobi itakupa. Januari na Februari hewa huwa safi, na alfajiri isiyo na mawingu Mlima Kenya huonekana ukiwa sehemu za jiji zilizoinuka. Mada ni "mbali". Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni madimbwi, vivuli majini na mawingu mazito juu ya Ngong. Juni hadi Agosti ndipo wanachama wapya hulalamika kwamba hakuna jua. Wapeleke msituni. Jua kali linapopenya kwenye majani huacha madoa meupe yanayoharibu picha, ilhali wingu la Julai hutandaza mwanga sawasawa kuanzia gome hadi kuvu. Oktoba mijakaranda huchanua na barabara kadhaa za jiji hugeuka zambarau. Wiki hiyo hutahitaji kumsukuma mtu. Kuanzia Oktoba hadi karibu Aprili kuna ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia, mbayuwayu wakiwemo.

Kuhusu saa, tuko karibu kabisa na ikweta. Jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo, mwaka mzima, tena hupanda karibu wima. Mwanga laini wa asubuhi haudumu. Anayeamka saa mbili na kulaumu simu yake, mwelekeze kwenye saa ya ukutani.

Hatua ya 5: Wafundishe watu kutoa maoni

Hapa ndipo makundi mengi hufia, kwa hivyo nitakaa kidogo. Jibu lisilofaa kitu ni "Moto!" pamoja na emoji tatu. Linampendeza aliyepiga kwa dakika moja, halafu hana la kufanya nalo.

Wape maswali matatu ya kujibu wanapotazama picha: Jicho langu limeenda wapi kwanza? Kipi kingeondolewa? Uliipigaje? Kisha wewe mwenyewe uyatumie, kila siku, hadharani, hadi waanze kukuiga.

Tuseme mtu ameleta picha ya kima wa City Park. Kima amekaa kwenye tawi, nyuma yake anga jeupe, na uso wake ni mweusi tii. Maoni yanayofaa ni haya: "Mkao ni mzuri, mkia umefuata mkunjo wa tawi. Uso umepotea kwa sababu kamera imepima mwanga wa anga. Gusa uso wake kwenye skrini kabla ya kupiga, uongeze mwanga kidogo. Au sogea hatua chache hadi nyuma yake pawe na majani badala ya anga." Mtu huyo kesho atarudi City Park. Nakuhakikishia.

Kuna jambo la adabu pia, na miongozo ya kutoka nje hailijui. Kijana wa miaka ishirini hatamwambia mtu wa umri wa baba yake kwamba mstari wa upeo kwenye picha yake umeinama upande mmoja. Atanyamaza, na mzee ataona kundi lina baridi. Swali ndilo linalofungua mlango: "Mzee, ingekuwaje kama ungeinua kidogo upande wa kulia?" Mzee hujibu, tena kwa furaha, na mara nyingi huwa na kisa cha mahali hapo.

Swali la tatu, "uliipigaje?", hukata pia mabishano ya picha za kughushi. Mwaka 2020 picha ya Mlima Kenya ukiwa mkubwa nyuma ya majengo ya Nairobi ilizua zogo mitandaoni. Wengi waliapa kuwa imeunganishwa. Jibu lilikuwa la kawaida kwa anayejua lenzi ndefu: ukisimama mbali na majengo ukavuta, mlima ulio nyuma yake hukua nayo. Siku hizi, programu zinapotengeneza picha zenyewe, weka desturi kwamba yeyote akiulizwa anaonyesha faili asilia. Bila hasira, na admini aulizwe wa kwanza.

Hatua ya 6: Toka nje pamoja

Kundi la picha za nje ambalo watu wake hawajawahi kukutana nje hukonda polepole. Mara moja kwa mwezi inatosha. Kabla ya kupanga matembezi yenu, jiunge mara moja na matembezi ya kutazama ndege ya shirika la uhifadhi la Nature Kenya, ambayo yamefanyika Jumatano asubuhi tangu 1971. Utaona namna watu wasiojuana wanavyoongozwa bila makelele.

Anzeni na Arboretum. Ipo tangu 1907, ni karibu na mjini, na miti mingi ina vibao vya majina. *Angalizo:* imepakana na Ikulu. Kamera zielekee kwenye miti na kima, kamwe si upande wa ukuta ule, hata kwa mzaha.

Karura ni hatua inayofuata: zaidi ya hekta 1,000, maporomoko, mapango, njia zilizowekwa alama. Waambie vijana kwamba msitu huo ulikuwa ukigawiwa wajenzi mwishoni mwa miaka ya 1990, na Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea Januari 1999. Hiyo si mada ya picha, lakini hubadilisha namna mtu anavyosimama mbele ya mti.

Milima ya Ngong hufikika kwa matatu nambari 111. Mitambo ya upepo na Bonde la Ufa vitakujazia fremu. Msiende wawili wawili. Nendeni kundi, na mchukue askari wa misitu wa kuwasindikiza. Msimwache mtu abaki nyuma akingoja wingu.

Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117, iliyotengwa 1946, ifanyeni baadaye kwa sababu ya gharama. Huruhusiwi kutembea kwa miguu humo isipokuwa sehemu chache zilizotengwa, kwa hivyo kodini gari moja mgawane. Malipo hufanywa kupitia eCitizen, lango halipokei taslimu, na ada ya raia, mkazi na mgeni ni tofauti. Angalia kiwango siku unayotangaza, usinakili cha mwaka jana. Muwe langoni saa kumi na mbili kamili linapofunguliwa. Kila mtu atataka kifaru na maghorofa nyuma yake. Hiyo ni kazi ya lenzi ndefu. Mwenye simu mwelekeze kwa twiga chini ya daraja la reli ya SGR. Daraja limeinuliwa sana na twiga hupita chini yake, na picha hiyo haihitaji kuvutwa.

Tangazo la matembezi liwe na lango, saa, gharama yote pamoja na nauli, na jina la anayeongoza. Ukitaka watu saa moja kamili, andika saa kumi na mbili na nusu. Wasizidi kumi na watano, mmoja akitangulia na mwingine akifunga msafara. Usiku huohuo kila aliyekuja alete picha moja, hata kama ni ya kiatu chake chenye tope.

Hatua ya 7: Idhini, vifaru na droni

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwenu nyinyi kanuni ni rahisi: sura ya mtoto haiingii bila mzazi kukubali, na mtu mzima akikataa, picha inafutwa papo hapo mbele yake.

Vifaru: zimeni kipengele cha mahali kwenye kamera ya simu kabla ya kuingia mbugani, picha zenu zisiwaelekeze majangili. Msitaje bonde, njia wala saa. "Mbuga ya Nairobi" inatosha. Ukiona picha ya kifaru imetumwa kama hati, ifute kwanza, ueleze baadaye. Fanyeni vivyo hivyo kwa viota vya ndege; umati wa wapiga picha humfanya mama akimbie mayai.

Droni husimamiwa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, na haziruki mbugani bila kibali. Kundi lisitangaze matembezi ya droni kwa sababu tu mmoja kanunua.

Hatua ya 8: Pesa

Kidogo iwezekanavyo. Changa kwa tukio moja, kwa M-Pesa, mweka hazina asiwe admini mkuu, na hesabu iwekwe kundini siku hiyohiyo. Kundi likikua na mkataka akaunti ya benki, lisajilini chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii.

Hatua ya 9: Fungua mlango polepole

Miezi mitatu ikipita na maoni yakiwa yanatoka yenyewe, kila mwanachama alete mtu mmoja. Mgeni aletwe na mwenyeji wake, aseme jina lake na mahali anapopenda kupiga picha, na picha yake ya kwanza ipate maoni matatu kabla ya usiku. Gawa zamu za kufanya hilo, usiliachie bahati. Linki ya wazi ije mwisho kabisa.

Mambo yakikwama

*Kundi limenyamaza.* Usiulize "mbona kimya?"; hakuna anayejibu swali hilo. Mwandikie mtu mmoja faraghani umwombe picha fulani uliyomwona akipiga. Kisha punguza mada hadi kitu cha dirishani: wingu la saa kumi na moja jioni, kwa mfano.

*Watu wawili wanatuma picha, wengine wanatazama.* Hao wawili pengine ni hodari mno. Waombe walete picha zao zilizoharibika na waeleze zilivyoharibika.

*Watu wanalalamika bando linaisha.* Waonyeshe jinsi ya kuzima upakuaji wa picha wa moja kwa moja kwenye mipangilio ya WhatsApp, ili kila mtu afungue anayoitaka. Video zibaki sehemu ya gumzo.

*Askari au mlinzi amewazuia mjini.* Kiongozi pekee ndiye azungumze. Wengine washushe kamera, wasirekodi. Onyesha picha zilizopigwa, uliza ni wapi panaruhusiwa, ondokeni. Ubishi wa haki za raia ufanywe kwa barua, si mbele ya lango la benki.

*Mwanachama anauza huduma za harusi kisirisiri.* Mpe siku moja kwa mwezi kwenye sehemu ya gumzo ambapo kila mtu anaruhusiwa kutangaza kazi yake. Wengi walihitaji hiyo tu.

*Picha ya mwanachama imeonekana kwenye tangazo la biashara.* Hakimiliki ni ya aliyepiga tangu alipopiga, hata kama hakuisajili. Piga picha ya skrini yenye tarehe, tafuta faili asilia, kisha aliyepiga aandike mwenyewe kwa adabu akitaja ada yake. Wasipojibu, KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, hupokea malalamiko. Kundi zima lisivamie ukurasa wa biashara hiyo kwa matusi. Likifanya hivyo, mazungumzo ya ada huwa yamekwisha.